Safari ya Bi Mwanapili Kwenda Kumkanda Laila

Hapa kwetu mwanamke akijifungua watu huuliza mambo mawili: mtoto gani, na Mwanapili keshaitwa? Huyo Mwanapili binti Jecha ni jirani yangu. Ukuta wa jiko lake na wa jiko langu ni mmoja, akikaanga samaki mie huku najua ni samaki gani.

Haoni. Surua ilimchukua macho angali mdogo, wakati huo anasoma juzuu ya Amma kwenye chuo cha Kurani. Anasema kitu cha mwisho anachokikumbuka ni mama yake akimfukuza bata mweupe uani, na mpaka leo ukimwambia kitu ni cheupe atakuuliza, "Kama yule bata?"

Kazi yake ni kukanda wazazi. Mwanamke akishazaa, Mwanapili humwendea kila asubuhi mpaka atoke arubaini. Humwosha kwa maji ya moto, akamkanda kwa mafuta ya nazi kuanzia mabegani mpaka nyayoni, kisha akamfunga mkaja, ile kanga inayokazwa tumboni ili tumbo lirudi mahali pake. Mie kanikanda kwa watoto wangu wote. Vidole vyake huenda polepole kama vinauliza njia. Vikifika penye maumivu husimama, na hapo yeye huanza kukusimulia vichekesho mpaka unasahau kuwa unaumwa.

Shida yake ilikuwa kufika kwa hao wazazi. Zamani mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Alipofariki, kazi hiyo akaishika Nahla, mtoto wa marehemu dada yake. Mwaka jana Nahla kaolewa, mume kamchukua Unguja. Tulifurahi, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Asubuhi baada ya harusi nikamwona Mwanapili kasimama mlangoni kwake na kichupa chake cha mafuta, buibui kashavaa, na hakuna wa kumpeleka.

Si kwamba watu hatupo. Lakini kukanda ni kazi ya kila siku na ya asubuhi, kabla mzazi hajachoka na mtoto hajaanza kulia joto. Mie nilimpeleka kadiri nilivyoweza, ila nina mume asiyejiweza miguu na ng'ombe wa kupeleka malishoni. Wengine walimwambia nitakupitia, na wakampitia jua limeshakuwa kali. Wazazi wengine wakaanza kutafuta mkandaji mwengine, taratibu, bila ya kumwambia.

Hapo ndipo alipokuja mdogo wake, Bakar, fundi seremala anayekaa Wete. Si mtu mbaya Bakar. Alikuja na mkate wa mofa na samaki, akakaa ukumbini, akanywa chai yake yote ndipo akasema.

"Dada, kazi umefanya ya kutosha. Njoo ukae kwangu. Mke wangu anakupenda, watoto wanakupenda. Utakula, utaswali, utapumzika."

"Nimechoka kwani?"

"Unangoja uchoke, au unangoja ugongwe na bodaboda?"

Ni kweli, bodaboda moja iliwahi kumpitia karibu ikachana upindo wa buibui lake. Mie nilikuwepo pale ukumbini, nachagua mchele, nikamwona Mwanapili anausugua mkeka kwa kiganja, kwenda na kurudi. Kule Wete angepewa kila kitu. Lakini Wete hakuna mzazi hata mmoja anayemjua, wala njia ya kwenda popote aliyoizoea. Angekaa kwa mdogo wake kama mgeni wa kulishwa mpaka Mola amchukue. Alikuwa anajua, na mie nilijua kuwa anajua.

"Laila wa Pujini kajifungua," akasema mwisho. "Wameniletea habari jana. Nimeshakubali kwenda kumkanda."

"Pujini? Nani atakupeleka?"

"Nitakwenda."

"Na nani?"

"Nimekwambia nitakwenda, Bakar."

Bakar akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye huruma. "Haya, tufanye hivi. Leo nalala kwa ami Kombo. Kesho nitakwenda nyuma yako, simsemeshi mtu. Ukifika kwa Laila bila ya mtu kukupeleka, habari ya kuhama siitaji tena maisha yangu. Usipofika, unafunga nguo zako tunaondoka."

"Nimekubali. Na Bi Asya hapa shahidi, atakufuata na wewe."

Mie hata sikuulizwa.

Alichokuwa hakumwambia mdogo wake ni habari ya simu. Pale Chake kuna duka la Hasnain, ambaye wazee wake walikuwa wakiuza nguo na yeye sasa anauza simu na chaja. Mkewe Maliha kakandwa na Mwanapili kwa uzazi wake wote. Maliha aliposikia Nahla kaolewa, akamwambia mumewe ile simu yake ya zamani asiiuze, ampe Bi Mwanapili, amfundishe. Nilimpeleka mie dukani, tukawekewa viti na juisi ya ukwaju.

"Ukiigusa itakwambia umegusa nini," alisema Hasnain. "Ukiigusa mara mbili itafanya."

"Na isipotaka?"

"Itataka, Bi. Haina ubishi."

"Hata kidogo? Maskini."

Hasnain akaifanya iseme. Ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kizuri lakini kimenyooka mno, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Mwanapili akainamisha kichwa kusikiliza.

"Huyu wa wapi?"

"Si mtu, Bi. Sauti imetengenezwa."

"Hata iliyotengenezwa ina kwao. Si wa Unguja huyu. Wala bara si hivi. Haya, na anajuaje mie niko wapi?"

Hasnain akakiweka kando kikombe chake. Nadhani alishaulizwa swali lile na wateja, lakini si kwa namna ile. "Kuna mitambo huko juu, inaitwa satelaiti. Inazunguka dunia. Inapeleka habari kwenye simu, simu inapiga hesabu, inajua iko wapi."

"Juu wapi? Mawinguni?"

"Juu ya mawingu."

"Chini ya mbingu ya kwanza?"

Hasnain akanitazama mie, mie nikatazama juisi yangu. "Chini, Bi Mwanapili. Chini kabisa."

"Alhamdulillahi. Na inaniona?"

"Haikuoni. Inahesabu tu."

Mwanapili akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetambulishwa kwa jamaa asiyemjua. "Basi na yeye haoni. Tutasikilizana."

Akaenda na simu ile nyumbani, akawa anajifunza uani kwake kila baada ya alasiri. Mie nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Simu inasema elekea kusini, yeye ananyamaza, kisha nasikia fimbo yake inagonga. Baadaye akanieleza. Kibla chetu hapa ni kaskazini sawasawa, na nyumbani kwake kibla hakimpotei hata akiamshwa usingizini. Kwa hiyo simu ikisema kusini, anakipa kibla mgongo. Ikisema mashariki, anakiweka mkono wa kushoto. Nilikaa nikafikiri, mie ninayeona, mtu akiniambia elekea mashariki, ningejua nigeukie wapi?

Habari ya uzazi ilipoletwa, mume wa Laila alituma na lokesheni ya nyumba yao, na neno kwamba penye njia panda ashike ya mashariki; Hasnain akaiweka tayari. Kilichobaki ilikuwa kwenda.

Asubuhi ya kwanza Mwanapili alitoka baada ya kusoma dua yake ya safari. Simu kaitia kifuani ndani ya buibui, waya wa hedifoni umepita chini ya mtandio mpaka masikioni. Ukimtazama huoni kitu. Mie na Bakar tukawa nyuma, mbali kidogo. Bakar hakuamini macho yake: dada yake ananyooka barabarani, fimbo inatangulia, penye kona anakata kona.

"Nani kamwambia pale pana kona?" akaninong'oneza.

"Kaambiwa."

"Na nani?"

"Nyamaza, si tumekubaliana."

Tukapita kwa Jaribu, mzee anayeuza mafuta ya taa, ambaye yupo barazani kwake tangu alfajiri. "Assalaamu alaykum Bi Mwanapili," akasema. Mwanapili kimya, anapita. Jaribu akarudia, sauti kubwa zaidi. Kimya. Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa anamsemesha masikioni wakati ule ule. Jaribu akanigeukia mie. "Leo kuna nini? Tumemkosea?" Mie nikamwonyesha kwa mkono kwamba nitamweleza baadaye, lakini moyo uliniuma. Kujibu salamu ni wajibu, na huyu shoga yangu hajawahi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini.

Hatujafika mbali akatokea Ngwali na baiskeli yake, kapakia muhogo. Ngwali ni kijana wa watu, mkulima, ana moyo mwema kuliko akili yake ya kusikiliza. Alipomwona Mwanapili peke yake barabarani akaitupa baiskeli kando, muhogo ukamwagika.

"Bi Mwanapili! Peke yako? Kwani sie tumekufa?"

Mwanapili akatoa hedifoni moja. "Nani, Ngwali? Niache mwanangu, n'nakwenda—"

"Najua unakokwenda. Usiseme kitu. Lete mkono."

Akaushika mkono, akamwingiza kichochoro cha katikati ya mihogo. Mwanapili akajaribu kuuvuta mkono kwa adabu, Ngwali akadhani anayumba, akamshika vizuri zaidi. Bakar akataka kucheka. Mie nilitaka kupiga kelele, lakini tulikwishaahidi kuwa hatutasema. Nilimwona Mwanapili anageuza kichwa huku na huku, na mkono wa pili umebana kifua, pale penye simu.

Ngwali alimfikisha nyumba moja ya makuti, akapiga hodi, akasema kwa fahari, "Mkandaji huyu hapa."

"Hapa si Pujini," akasema Mwanapili.

"Pujini kuna nini? Mke wa kaka yangu, Mize, kajifungua alfajiri hii. Tulikuwa tunasema nani atakufuata, na wewe umeshatoka nyumbani. Nikasema, Mungu huyu!"

Lawama utampa nani? Kila mtu hapa anajua Mwanapili akitoka asubuhi kuna mzazi, na Ngwali mzazi aliyemjua ni huyo mmoja tu. Mama yake Mize akatoka analia kwa furaha, kamshika Mwanapili mabega. Mwanapili akasimama pale mlangoni. Ndani mtoto mchanga analia kile kilio chembamba cha siku ya kwanza. Akavua buibui, akaomba maji ya moto.

Niliingia kumsaidia. Wakati anamkanda Mize mgongo, simu iliyo ndani ya kanga zake, waya umeshachomoka, ikaanza kusema yenyewe: geuka nyuma, geuka nyuma.

Mize akafumbua macho. "Nani huyo, Bi?"

"Mwenzangu. Anataka twende Pujini."

"Mwambie angoje."

"Nimemwambia. Hachoki kusema."

Mchana tukarudi nyumbani. Mie nikaenda Pujini mbio kuomba radhi, na mama mkwe wa Laila hakunikaribisha hata maji. Alisema mkandaji wa huko huko Pujini yupo, na kesho Mwanapili asipotokea atamwita huyo. Nikamweleza Mwanapili kama nilivyoambiwa. Bakar naye hakuwa na la kuficha.

"Hukufika, dada."

"Sikufika."

"Basi."

"Sikufika kwa sababu sikujua njia, Bakar, au kwa sababu nilivutwa? Ulikuwepo. Sema kweli ya Mungu."

Bakar akajikuna kichwa. Ni mtu anayeswali, na akiulizwa kweli ya Mungu huisema. "Ulivutwa. Lakini dada, kesho atakuvuta mwengine. Utawakataza watu wote wa baina ya hapa na Pujini wasikushike mkono? Watakwambia una kiburi. Leo tu Jaribu keshaanza."

Hilo lilimchoma. Tukaswali alasiri. Tulipomaliza, hata msala hatujaukunja, akaniuliza, "Bi Asya, Nahla alipokuwa ananipeleka, umewahi kumwona mtu anakuja kunishika mkono?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Si una mtu."

"Na leo?"

"Leo ulikuwa peke yako."

"Sikuwa peke yangu mie. Nilikuwa na yule. Ila yule alikuwa ndani ya masikio yangu, watu watamjuaje?" Akausugua mkeka kwa kiganja kama ile siku nyengine, kisha akaacha. "Mtu haniachi nipite nikiwa sina mtu kwa sababu ni aibu yake, si yangu. Ataambiwa alinitazama tu. Ngwali hana kosa. Basi na wamsikie."

Akauchomoa waya wa hedifoni, akanipa. "Kafungie mwanambuzi wako."

Nikamcheka. Lakini nilikuwa na hamu ya kujua kama itakuwa vile anavyodhani. Hata Bakar nadhani alikuwa nayo, maana alisema gari la Wete limeshaondoka, na mie nililisikia linapiga honi kijijini baada ya yeye kusema.

Asubuhi ya pili Mwanapili aliitia simu kwenye kimfuko cha kitambaa, akakivaa shingoni juu ya buibui, sauti kaipandisha mpaka mwisho. Kutoka tu mlangoni: elekea kusini. Kuku wa kwangu wakatawanyika.

Kwa Jaribu, salamu ikatoka, na salamu ikarudishwa kamili, na ya jana akaombwa radhi. Jaribu akafungua mdomo aulize, simu ikasema: endelea moja kwa moja.

"Nani huyo?" akasema Jaribu, anachungulia nyuma ya Mwanapili.

"Ananipeleka Pujini."

"Aah." Jaribu akarudi barazani kwake, akakaa. "Haya, nendeni salama."

Nendeni, alisema. Bakar akanitazama. Tukaendelea.

Ngwali alikuwa shambani kwake, akatuona kwa mbali, akaja mbio mkono umeshanyooka. Sauti ikasema baada ya muda geuka kushoto. Mkono wa Ngwali ukasimama hewani, kisha akautia mfukoni, kama mtu aliyeingia chumba akakuta mna wageni.

"Mize hajambo?" Mwanapili akamuuliza.

"Hajambo, kalala usingizi, Alhamdulillahi. Bi, huyu unayekwenda naye ni mtu gani?"

"Ni simu, inajua njia. Nikitoka Pujini nitapita kwa Mize, mwambie mama yake aweke maji."

Ngwali akakisogelea kile kimfuko, akakisemesha. "Wewe bibi, mpitishe hapa katikati ya mihogo. Ni karibu."

Simu kimya.

"Hataki," akasema Mwanapili.

"Mbishi huyo. Wa wapi?"

"Hata mie ningependa kujua."

Mbele kidogo, pale barabara inapoteremka, ni msimu wa karafuu na watu wameanika. Majamvi yametandikwa mpaka ukingoni mwa lami, karafuu zimeenea, harufu yake inakupanda kichwani. Simu ikasema moja kwa moja, na moja kwa moja ni katikati ya jamvi la watu. Nikashika kanga yangu. Fimbo ya Mwanapili ikagusa ukingo wa jamvi, akasimama hapo hapo, akavuta pumzi.

Dada mmoja aliyekuwa akipindua karafuu kwa miguu akasema, "Bi Mwanapili, hapo hapo. Zunguka kulia kwako. Na huyo mwenzio mwambie atazame mbele."

"Haoni, mwanangu."

"Haoni? Sasa kipofu na—" Akajiziba mdomo kwa kanga, uso umeiva. "Nisamehe, Bi, sikukusudia."

Mwanapili akacheka mpaka fimbo ikatikisika, na wenye majamvi yote wakacheka naye. Akazunguka. Simu ikalalamika kidogo, kisha ikanyamaza, ikaendelea.

Bakar hakucheka. Alikuwa anatazama barabara, bodaboda zinapita, na kila moja ikipita bega lake linapanda. Nilimwelewa. Anayempenda mtu asiyeona huogopa kwa niaba ya huyo na kwa nafsi yake mwenyewe. Lakini nilimwona pia anaona kitu. Mwanapili akisikia mlio wa pikipiki alikuwa anasogea ukingoni kabla hata sisi hatujageuka.

Pale njia ya Pujini inapoachana na barabara kubwa ni chini ya mikarafuu mirefu, imeshikana juu, jua huliona kwa vipande. Hapo simu ikasema inatafuta mahali ulipo. Kisha haikusema kitu tena. Mbele pana njia mbili, moja inakwenda kwa kina Laila, nyengine inakwenda mashambani. Mwanapili akasimama. Akaigusa simu, ikarudia yale yale, inatafuta. Tukasubiri. Bakar akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Kona za njia zilikuwa zimemchanganyia kibla. Mwanapili akainua uso, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, anatafuta joto la jua shavuni, na jua halikumfikia. Kwa bahati alikuwepo mwanamke anateka maji kisimani.

"Sabalkheri bibi," akasema Mwanapili. "Jua limetokea wapi?"

Yule mwanamke akatua ndoo. "Jua?"

"Jua la leo. Linatokea upande gani hapo ulipo?"

"Huku nyuma yangu. Unakwenda wapi, mama? Nikupeleke?"

"Ahsante, nina mtu, kapotelewa kidogo. Lilipo jua pananitosha."

Akageuka mpaka akawa analielekea jua, akalihesabu kwa kibla, midomo inatembea. Simu ikazinduka: elekea mashariki. Lakini yeye alikuwa ameshanyanyua mguu.

"Kauliza," akaninong'oneza Bakar. "Tulisema bila ya mtu."

"Tulisema bila ya mtu kumpeleka. Kauliza jua liko wapi. Wewe ulipokuja kwa mara ya kwanza kununua mbao Chake hukuuliza duka liko wapi?"

"Niliuliza."

"Ukapelekwa?"

Baada ya hatua chache akasema, kama anajisemea, "Jua. Mie nisingefikiri kuuliza jua."

Nyumba ya Laila ina uwa wa makuti na mlango wa bati. Simu ikasema umefika unakokwenda, na ilikuwa bado kidogo, mlango uko mbele zaidi. Mwanapili akaufuata uwa kwa mkono mpaka akagusa bati, akapiga hodi. Mama mkwe wa Laila akafungua, ushungi mkononi. Akamtazama, akatazama nyuma yake njia nzima. Sisi tulikuwa tumejificha kwenye kichaka cha migomba.

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja."

"Na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, dada. Mzazi kalala au yu macho? Nimechelewa siku moja, nisameheni, nilikuwa kwa mzazi mwengine, wa alfajiri."

Yule mama akasita. Kisha akasogea mlangoni. "Pita. Yu macho, maziwa yamemjaa hayatoki, tangu usiku analia." Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Weka maji motoni. Na kitambaa safi." Mwanapili akaingia hatua moja, akarudi, akageuka kule kwenye migomba. "Bakar, toka huko. Viatu vyako vinalia tangu jana."

Bakar akatoka na majani mabichi begani. Mie nikatoka nyuma yake. Wakasimama, dada na kaka, mlango baina yao.

"Umefika," akasema Bakar.

"Nimefika."

"Mie bado naogopa, dada."

"Na mie naogopa. Kila nikitoka. Ulidhani siogopi?"

Bakar akatazama chini. Nadhani alikuwa hajawahi kumuuliza. Ndani Laila akaguna kwa maumivu, na Mwanapili akageuza sikio huko, nikajua ameshaondoka kwetu ingawa bado kasimama.

"Nikungoje turudi pamoja?" akauliza Bakar.

"Utakosa gari. Nenda, mkeo anakungoja. Mwambie siji kukaa, nitakuja kutembea sikukuu."

"Utakujaje?"

"Nitauliza."

Bakar akacheka, safari hii cheko lilimtoka tumboni, akaushika mkono wa dada yake akaubusu. Akamwachia. Hilo nililiona vizuri: aliushika kwa salamu, akauachia. Akaanza kurudi kwa njia ile ile tuliyojia, viatu vinalia kweli, na mie masikio yangu yalikuwa hayajawahi kuvisikia.

Mama mkwe akaleta beseni, moshi unafuka. Mwanapili akaizima simu, akaitundika msumarini pamoja na buibui, akakunja mikono ya kanzu yake, akasema Bismillahi, akaliuliza bega la Laila kwa vidole vyake linaumia wapi.